Mguu wa kulia ulihitaji mkasi, wa kushoto pamba tu

Aliingia akichechemea, kiatu cha kulia amekikanyaga kisigino kama ndala. Kijana wa miaka 16, anacheza mpira karibu kila jioni, hana ugonjwa wowote wa kudumu. Kabla hajaketi, mama yake alishasema: "Daktari, dozi tatu za dawa amemaliza zote, usaha unakauka halafu unarudi." Nikajua hapo hapo tunazungumzia ukucha, na nilikuwa sahihi. Nilichokosea ni tiba niliyomchagulia siku ile. Ilimgharimu wiki nne za maumivu ambazo hakustahili, na kosa hilo ndilo sababu ya kukiandika kisa hiki. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umezama nyamani, upande unaotazamana na kidole cha pili. Miezi mitano. Nilipomuuliza ulianzaje, alieleza kwa mpangilio mzuri kuliko wagonjwa wengi watu wazima. Mwanzoni palikuwa na maumivu kidogo akivaa viatu vya mpira vilivyokuwa vimeanza kumbana. Akachukua wembe, akakata pembe ya ukucha kwenda chini kadiri alivyoweza kuvumilia. Maumivu yakaisha siku ile ile. Baada ya wiki mbili hivi yakarudi, akakata tena, safari hii ndani zaidi. Nafuu tena. Kisha tena. Alipokuja kwangu alikuwa amekata mara sita au saba, na kila mara nafuu ilikuwa fupi kuliko ya mwanzo.

Wengi wakisikia habari hii husema kijana alifanya uzembe. Mimi sioni uzembe hapo. Alifanya jambo lililompa nafuu, likampa nafuu kweli, akalirudia. Nani asingefanya hivyo? Shida ni kwamba nafuu ile ndiyo mtego wenyewe. Ukikata pembe ya ukucha, sehemu iliyokuwa inachoma inaondoka, nyama inapumua. Lakini nyama ya pembeni, ikishakosa ukucha wa kuizuia, hupanda na kuijaza nafasi ile. Ukucha nao haujaacha kukua. Unasukumwa kutoka shinani kuja mbele, na safari hii unaikuta njia imezibwa na nyama laini, basi unaichoma kama mkuki. Isitoshe, wembe haufiki mwisho. Kule ndani, mahali ambapo jicho halioni na mkono unaogopa kufika, hubaki kijincha chenye ukali wa mwiba. Kila mara aliyokata, alikuwa anauchonga mwiba mpya.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa ijulikane na kila mwenye vidole. Ukucha wa mguuni hukua takriban milimita 1.6 kwa mwezi, chini ya nusu ya mwendo wa ukucha wa mkononi, ambao hukimbilia milimita 3.5. Ukikata pembe milimita 5 kwenda nyuma, utahitaji zaidi ya miezi mitatu ili irudi mbele na kuivuka ncha ya nyama. Yeye alikuwa anasubiri wiki mbili.

Kuna methali ya mwiba wa kujidunga kwamba hauambiwi pole. Kwa ukucha naona methali haitendi haki.

Sasa hizo dozi tatu za antibaiotiki. Amoksilini mara mbili, kisha dawa nyingine yenye nguvu zaidi ambayo mama hakuikumbuka jina. Kila dozi ilipunguza wekundu kwa siku nne au tano. Hilo halishangazi, maana bakteria walikuwepo. Lakini fikiria mtu amechomwa na mwiba mguuni, mwiba umebaki ndani, nawe unampa vidonge. Usaha utapungua, mwiba utabaki pale pale, usaha utarudi. Hapa mwiba ni ukucha wake mwenyewe, na hakuna kidonge kinachoutoa. Dawa hizo zina nafasi yake: wekundu unapotambaa kupita kidole, homa inapopanda, au mgonjwa anapokuwa na kinga dhaifu. Kijana huyu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Niliuliza maswali ninayouliza kila mara. Kisukari? Hapana. Vidole vinakufa ganzi au kupoa? Hapana. Kidole kiliwahi kukanyagwa au kugongwa vibaya? Hapana. Anatumia dawa ya kumeza ya chunusi? Swali hili huwashangaza vijana, lakini dawa za chunusi za jamii ya vitamini A, mfano isotretinoini, zinaweza kuotesha nyama nyekundu pembeni mwa kucha, ikaonekana kama ukucha umezama tu. Hakuwa anatumia. Chanjo ya pepopunda alikuwa nayo kamili.

Kidole chenyewe kilikuwa chekundu na kimevimba upande mmoja, usaha kidogo ukitoka kikibinywa, nyama ya pembeni imeupanda ukucha. Wekundu uliishia kwenye kidole. Madaktari huugawa ugonjwa huu katika hatua tatu: ya kwanza maumivu, wekundu na uvimbe, ya pili usaha na uvimbe zaidi, ya tatu nyama mbichi nyekundu inaota na kuufunika ukucha. Huyu alikuwa hatua ya pili. Vitabu vinaruhusu hatua ya pili ijaribiwe matunzo ya nyumbani kwanza, nami nikafuata vitabu. Nikamweleza: loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara tatu kwa siku, kausha vizuri, isukume nyama ya pembeni itengane na ukucha, weka uzi wa pamba chini ya pembe ya ukucha, viatu wazi, mpira asimamishe, parasetamoli akiumwa. Nikaandika kwenye karatasi, nikampa mama. Nikasema warudi baada ya wiki mbili.

Makosa yangu yalikuwa matatu, na mawili ya kwanza ni ya aibu zaidi kuliko ya kitaalamu. Sikumwomba avue kiatu cha kushoto. Pili, nilieleza kwa mdomo kazi inayofundishwa kwa mikono, tena nikampa maelezo mama wakati vidole ni vya mwanaye.

La tatu ndilo zito. Pamba hufanya kazi kwa kuiinua pembe ya ukucha ili ipite juu ya nyama badala ya ndani yake. Ni njia nzuri, ya bei ndogo, nami ninaiamini. Lakini inahitaji pembe ya kuinua! Kijana huyu hakuwa na pembe. Aliikata miezi mitano mfululizo hadi upande ule wa ukucha ukawa mteremko unaopotelea nyamani. Nilimwambia aweke pamba chini ya kitu ambacho hakikuwepo. Niliangalia usaha, niliangalia wekundu, nikahesabu hatua kama mwanafunzi hodari. Sikujiuliza ukucha wenyewe umebakije. Tangu siku hiyo, kwa kila ukucha uliozama, swali langu la kwanza ni hilo: kuna pembe ninayoweza kuinyanyua na ncha ya pamba, au haipo? Jibu lake linaamua tiba kuliko wingi wa usaha.

Wiki mbili zilipopita hawakurudi. Walikuja baada ya nne. Kijana alikuwa ameloweka kwa bidii, na kweli usaha ulipungua. Pamba alikuwa anaichomeka juu, kati ya ukucha na nyama, maana chini hapakuwa na njia. Ikawa inazidi kukandamiza. Na mpira aliucheza mara mbili. Alikiri mwenyewe huku anatazama sakafu, mama akatikisa kichwa.

Kidole kilikuwa kimeingia hatua ya tatu. Pembeni pameota nyama nyekundu laini, ukubwa wa punje ya mahindi, inayotoka damu ukiigusa kwa shashi. Watu huiogopa sana nyama hii, na wapo wanaoikata au kuiunguza kwa vitu vikali. Ni mwili unajaribu kuponya kidonda ambacho hakiruhusiwi kufunga. Ukiitoa peke yake bila kuutoa ukucha unaochoma, itaota nyingine. Ila haifai kuichukulia poa daima: nyama nyekundu kando ya ukucha isiyopona hata baada ya tiba sahihi ichukuliwe kipande ikapimwe, kwa kuwa saratani ya ngozi isiyo na rangi nyeusi inaweza kujifanya hivyo hivyo. Kwa vijana kuna pia kijinundu cha mfupa kinachoota chini ya ukucha wa kidole gumba na kuusukuma juu. Kwa sababu ya muda uliopita niliomba picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa safi.

Ndipo nikamwambia avue na kiatu cha kushoto. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeanza. Wekundu kidogo, maumivu kikibonyezwa, hakuna usaha. Hatua ya kwanza. Nikauliza: "Hiki umeshakikata?" Akasema bado, alikuwa anafikiria kukikata wikiendi.

Nilifurahi, nakiri. Pembe ilikuwepo.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo mtu mmoja, mwenye viatu vile vile na kucha za umbo lile lile, alipata tiba mbili tofauti. Naanza na ya kulia.

Alipoambiwa kwamba tutafanya upasuaji mdogo, swali lake lilikuwa: "Utaung'oa wote?" Hofu hiyo ina chanzo chake. Zamani ilikuwa kawaida kung'oa ukucha mzima, na mpaka leo wapo wanaofanya hivyo. Ukucha mzima ukiondoka, shina linabaki zima, kwa hiyo unaota ule ule kwa upana ule ule. Katikati ya hapo kuna mwaka mzima, maana ukucha wa kidole gumba huchukua miezi 12 hadi 18 kujijenga upya, na ncha ya kidole, ikikosa kifuniko, huvimba kwenda juu na kuutengenezea ukucha mpya ukuta wa kujigonga. Mara nyingi tatizo hurudi. Nilimwambia tutachukua ukanda mmoja mwembamba wa pembeni, kama sehemu moja ya tano ya upana, na kuliunguza shina la ukanda huo tu ili usiote tena. Mama aliweka sahihi kwa sababu kijana hajafika umri, lakini ruhusa niliiomba kwa mwenye kidole.

Sindano ya ganzi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote na ni vizuri mgonjwa aambiwe hivyo bila kupambwa. Huchomwa kwenye shina la kidole, pande zote mbili, mahali mishipa ya fahamu inapopita. Kuna mambo mawili yanayopunguza ukali wake: sindano nyembamba, na kuisukuma dawa taratibu mno. Nilitumia lignokaini ya asilimia 2 isiyochanganywa na kitu kingine, mililita 3 kwa jumla. Hiyo ni miligramu 60. Kwa kijana wa kilo 55, hata ukishika kikomo cha tahadhari cha miligramu 3 kwa kila kilo, uko mbali sana na hatari. Kisha unasubiri. Watu wengi wanaolalamika kwamba ganzi haikushika walikatwa na mtu mwenye haraka. Dakika kumi. Tukazungumza mpira. Nikabana ncha ya kidole kwa koleo bila kumwambia, hakugutuka.

Kidole hufungwa mpira shinani ili damu isije, kwa sababu mbili: uone unachokata, na dawa ya kuunguza shina ifanye kazi, maana damu huidhoofisha. Mpira huu ndio ninaouogopa kuliko mkasi. Ukisahauliwa chini ya bendeji, mtu anaweza kupoteza kidole, na imewahi kutokea kwingi duniani kwa sababu mpira ulikuwa mdogo na wa rangi ya ngozi. Mimi huubana kwa koleo kubwa linaloning'inia, ambalo huwezi kulifunga bendeji ukaliacha, na huandika saa ya kufunga ubaoni.

Ukanda wa pembeni unainuliwa kwanza kutoka kwenye nyama iliyo chini yake kwa kifaa bapa, unakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka mbele hadi chini ya ngozi ya shinani, halafu unashikwa kwa koleo na kuzungushwa polepole mpaka utoke mzima. Mzima ndiyo neno. Nilipouweka juu ya shashi, tuliona sote: kwenye ubavu wake kulikuwa na kijiti kilichochongoka, kama milimita 4, kilichokuwa kimelala ndani kabisa ya nyama, nyuma ya mahali wembe ulipokuwa unaishia. Kijana alikitazama kwa muda. "Hiki ndicho?" Ndicho. Akaomba akichukue, nikamfungia kwenye shashi.

Kisha fenoli. Inapakwa kwa kijiti cha pamba kwenye shina la ule ukanda uliotoka, dakika moja mara tatu, huku ngozi inayozunguka imepakwa mafuta mazito ya kuilinda, halafu inasafishwa kwa spiriti. Fenoli ndiyo asidi kaboliki ileile ambayo daktari mpasuaji Joseph Lister aliitumia Glasgow, Uskoti, mwaka 1865 kusafishia kidonda cha mvulana aliyevunjika mguu, tukio lililofungua mlango wa upasuaji salama. Ina sifa nyingine ambayo wagonjwa huipenda bila kuijua: hutia ganzi mahali inapogusa, kwa hiyo maumivu ya baadaye huwa madogo kuliko ukikata shina kwa kisu. Mwanamke mjamzito haipakwi. Nyama iliyoota niliikwangua kidogo, mpira ukatolewa, rangi ikarudi kidoleni, bendeji. Tangu ganzi iliposhika hadi bendeji haikuzidi dakika kumi na tano.

Sasa ya kushoto. Hapa sikutoa karatasi. Nilimpa beseni, pamba na plasta, nikamwambia afanye yeye mimi nikiangalia, mguu wa kulia ukiwa bado na ganzi na umeinuliwa juu ya kiti. Loweka mpaka ngozi ilainike. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha, chumvi ukipenda. Kausha. Chukua pamba kidogo sana, isokote kati ya vidole mpaka iwe nyembamba kama uzi mnene wa kushonea, urefu wa sentimita moja na nusu. Iloweshe. Nyanyua pembe ya ukucha kwa kitu butu na safi, si pini wala ncha ya mkasi, kisha isukume pamba chini ya pembe, kutoka mbele kuelekea pembeni, mpaka uone ukucha umeinuka unywele mmoja. Mara ya kwanza aliichomeka juu kama alivyozoea upande wa kulia. Nikamsimamisha. Mara ya pili ikaingia. Nilimwambia aitoe aanze upya peke yake, na ya tatu ikawa nzuri kuliko ambavyo ningeweka mimi.

Halafu plasta. Ukanda mmoja mwembamba unabandikwa kwenye nyama ya pembeni karibu kabisa na ukucha, unavutwa kwenda chini ili nyama iachane na ukucha, na kuzungushwa kimshazari chini ya kidole. Usiufunge duara kamili. Kidole kikivimba utakuwa umekinyonga. Pamba inabadilishwa kila siku baada ya kuloweka, au mapema zaidi ikichafuka, kwa kuwa pamba chafu iliyokaa siku tano ni chanzo cha usaha mpya.

Maumivu yalimwisha kushoto ndani ya juma moja. Hapo ndipo wengi huacha, na ni kosa lile lile la wembe kwa sura nyingine. Pembe yake ilihitaji kama milimita 4 kuivuka nyama. Gawanya kwa 1.6. Nilimwambia miezi miwili na nusu ya pamba, akacheka akidhani natania.

Kwa upande wa kulia, maagizo ya nyumbani yalikuwa mafupi. Siku mbili mguu uinuliwe kila anapoketi, parasetamoli kwa saa zilizopangwa. Baada ya saa 24 bendeji ya kwanza iloweshwe itoke bila kuvutwa. Tangu hapo aoshe kila siku kwa maji safi yanayotiririka, apake mafuta mazito, afunge shashi nyepesi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi visiguse kidonda. Povu lile linapendeza macho, lakini vyote viwili huziumiza na seli changa zinazojaribu kukifunga.

Siku ya sita mama alinipigia, sauti imepanda. "Daktari, usaha umerudi. Niende nikachukue dawa?" Nilipaswa kumwandaa zaidi kwa siku hii. Baada ya fenoli kidonda hutoa majimaji ya manjano kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu ni jeraha la kuungua, na majeraha ya kuungua hutoa maji. Nikamuuliza maswali mawili: maumivu yanapungua au yanaongezeka? Yanapungua. Wekundu umeishia pembezoni mwa kidonda au unatambaa? Umeishia. Nikamwambia asinunue kitu, aje kesho nikitazame. Kilikuwa kama nilivyotarajia, maji mepesi yasiyonuka, ngozi ya jirani imetulia. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti za tiba ya ukucha uliozama na hayakuona kwamba antibaiotiki baada ya upasuaji hupunguza maambukizi, maumivu au muda wa kupona. Yaliona pia kwamba upasuaji hushinda tiba zisizo za upasuaji katika kuzuia ukucha usizame tena, na kwamba ukiongezwa fenoli kuna uwezekano ikazuia vizuri zaidi. Sikumwambia mama habari za Cochrane. Nilimwonyesha kidole, nikamwambia ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, au mstari mwekundu unapanda mguuni, au homa, usisubiri hata saa moja.

Lazima niseme jambo kuhusu baba, ambaye sikumwona lakini alitajwa. Ana kisukari, naye pia, kwa maelezo ya mama, hukata kucha zake kwa wembe huo huo. Angekuwa yeye ndiye aliyekuja na kidole kile cha kushoto, kile cha hatua ya kwanza chenye pembe nzuri kabisa, nisingemruhusu akifanyie kazi nyumbani. Mguu wa mwenye kisukari unaweza kukosa hisia, kwa hiyo anaweza kujichoma asijue, na damu isiyofika vizuri haiponyi hata kijeraha cha plasta. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni na kwa anayetumia dawa za kushusha kinga. Nilimtuma mama na ujumbe aje kukaguliwa miguu. Na wembe usigawanwe.

Waliporudi wiki ya tatu, kijana alikuja na ushauri wa wenzake wa timu: akate alama ya V katikati ya ncha ya ukucha, eti ukucha utajivuta kuziba pengo na pembe zitatoka nyamani. Nimeusikia ushauri huu miaka yote. Ukucha ni kitu kilichokufa tayari mahali unapouona. Uhai wake uko shinani tu, na unakwenda mbele, hauvuti pembeni. Pengo la V litasogea mbele polepole mpaka likatike, na pembe hazitapata habari.

Viatu vyake nilimwambia avilete. Nilisimamisha mguu wake juu ya karatasi, nikauchora kwa kalamu, kisha nikaweka soli ya kiatu juu ya mchoro. Mguu ulizidi kiatu pande zote mbili. Hakuhitaji maelezo.

Kidonda cha kulia kilikuwa kimekauka wiki ya nne, na mpira alianza tena wiki ya sita kwa viatu vipya. Miezi mitatu baada ya siku ile ya mkasi alikuja mara ya mwisho. Ukucha wa kulia ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mwenzake, kiasi ambacho usingekiona usipoambiwa, na ubavu wake umetulia juu ya nyama. Wa kushoto, pembe ilikuwa imevuka. Pamba aliiacha siku kumi kabla, alipoona hakuna tena kitu cha kuinua.

"Sasa naweza kuukata?" aliuliza. Nikampa mkasi. Aliukata kwa mstari ulionyooka kutoka upande huu hadi ule, akaacha weupe kidogo pembeni, akanitazama kuona kama nitasema kitu. Sikusema.